Maji ya Ejo

Mjini Rumonge kila mtu ana lake la kusema juu ya kiangazi, na karibu wote wanakisifu. Muulize mwenye baiskeli: barabara kavu, tope hakuna. Muulize mwanamke wa ndagala, dagaa wa ziwani: unaanika asubuhi, jioni samaki ni wakavu kakaka. Maharusi nao wanapanga sherehe zao Julai na Agosti, maana hakuna mvua ya kumharibia mtu suti ya kuazima. Hata wazee wa magoti mabovu wanasema Juni ikishaingia wanatembea bila fimbo. Ukiwasikiliza utadhani Mungu aliumba miezi kumi na miwili ili tu apate mitatu ya kuwadekeza watu wa Rumonge.

Agata peke yake ndiye aliyekichukia, na wala hakuficha.

"Jua zuri, jua zuri," alikuwa akisema akifyonza. "Zuri kwa nani?"

Watu walimcheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwalimu aliyestaafu, mrefu, mkavu, na akisimama barazani kuangalia anga lisilo na wingu hata moja, uso unamkunjamana kama mtu anayesomewa mashtaka. Lakini wangejua wasingecheka. Agata alikuwa ameishi ukimbizini Tanzania miaka mingi, kambini kule Kasulu, na kiangazi kimoja mabomba ya kambi yalikauka, watu wakateremka kijitoni. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, Lameki. Jumatano Lameki alikuwa anakimbiza kuku. Ijumaa alikuwa amefungwa kwenye kitenge. Siku mbili tu, jamani, na mtoto mzima mwenye mashavu akawa mwepesi hadi aliyembeba kumpeleka kuzikwa hakuhitaji msaada. Kipindupindu hakina subira.

Toka siku ile, kwa Agata, jua kali na anga safi havikuwa hali ya hewa. Vilikuwa adui aliyekuja kumchukulia mtoto, na ambaye kila mwaka, ikifika Juni, anarudi kupita mlangoni kuangalia kama kuna mwingine.

Na mwingine alikuwepo. Aliitwa Kankindi, mjukuu wake, miaka mitano, meno mawili ya mbele hana. Mama yake, Joanita, alikuwa anafanya kazi Bujumbura na alimwacha kwa bibi yake toka alipoachishwa ziwa. Kankindi alikuwa anaongea toka anaamka mpaka analala, na Agata alikuwa anampenda mpaka anaogopa kumwangalia akilala, kwa sababu mtoto aliyelala amenyamaza.

Kwenye chumba cha uani alikaa mpangaji, Sabine, Mkongomani wa Uvira, mwanamke wa miaka ishirini na saba mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Kazi yake ilikuwa kununua ndagala mbichi mwaloni, kuzianika uani juu ya nyavu, na kuziuza kwa wachuuzi wa Gitaza. Kwa Sabine, kiangazi ndicho kilichokuwa baba na mama.

"Mama Agata, weye unaogopa jua kama vile ni mwizi!" angesema akigeuza ndagala zake. "Niliona mu telefone, kule kwa wazungu kuko miji ya kiangazi kama hiki chetu. Joto, mvua hakuna, ziwa pembeni. Watu banalipa ndege waende kulala ku mchanga tu, jua iwachome! Siye tunaipata bure na unanuna!"

"Hao wakitoka mchangani wanafungua robine na maji yanatoka," Agata alijibu. "Waambie waje hapa kwetu, leo ni siku ya tisa. Tuone kama watalala mchangani."

Sabine akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini ilikuwa kweli. Ilikuwa Julai, na siku ya tisa bomba la mtaa lilikuwa halitoi hata tone. Ukilifungua linakoroma, basi. Watu walikuwa wanachota ziwani, na wanaoishi mabondeni karibu na ziwa walikuwa wanachota palepale wanapooga na kufulia. Jumatatu Agata alisikia kwamba mahema meupe ya kipindupindu yamesimamishwa nyuma ya hospitali. Siku hiyo walikuwemo watu watatu. Jumanne walikuwa saba. Usingizi ukamhama.

Kwa hiyo alikuwa na sheria zake, na sheria za Agata hazikuwa za mchezo. Maji ya ziwani yalikuwa yanaingia nyumbani kwa bido la njano, dumu la lita ishirini, na humo hanywi mtu. Yakishachemshwa mpaka yakatokota, yakapoa, yalikuwa yanahamia kwenye ndoo ya bluu yenye kifuniko. Bluu ni ya kunywa. Njano hapana. Alimfundisha Kankindi hivyo asubuhi na jioni, akimshika kidevu ili amtazame.

"Ndoo ya bluu?"

"Ya kunywa, Bibi."

"Bido la njano?"

"Siyo ya kunywa."

"Ukinywa ya njano utakwenda wapi?"

"Kwa mjomba Lameki," mtoto alijibu, macho yamemtoka, maana picha ya mjomba Lameki ilikuwa ukutani, ndogo, imeliwa na mchwa pembeni, na mjomba huyo hakuwahi kutoka mle ndani ya fremu.

Sabine alimwambia mara moja, "Mama, unamutisha mutoto bure." Agata akamjibu kwamba mtoto aliyetishwa ni mtoto aliye hai, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano usiku simu ilipigwa kutoka Nyanza-Lac. Vestine amefariki. Vestine alikuwa jirani yake wa kambini, hema kwa hema, na ndiye aliyemshika Agata mikono siku ya Lameki asijitupe kaburini. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema utamlilia ukipata nafasi. Familia ilikuwa inaleta pikapu Alhamisi alfajiri kuwachukua watu wa Rumonge, mazishi mchana, na Ijumaa saa sita watakuwa wamerudishwa. Agata alizunguka chumbani akifunga na kufungua mkoba. Kumchukua Kankindi msibani, kwenye watu wengi, kwenye maji ya watu asiowajua? Haiwezekani. Kumwacha? Akaufungua mkoba tena. Mwishowe akaona heri amwache nyumbani penye ndoo ya bluu.

Alfajiri, pikapu linapiga honi barabarani, alisimama mlangoni na Sabine, akasema haraka haraka:

"Ya kunywa ya mtoto iko kwenye ndoo ya bluu, inatosha mpaka nirudi. Ile ya bido la njano ni ya kuchemsha ejo. Umesikia? Ya kuchemsha ejo."

"Nimesikia, Mama. Wende na amani."

Hapa inabidi niseme jambo. Agata, toka aliporudi Burundi, alikuwa ametaniwa sana kwa Kiswahili chake. Akisema "kesho", sokoni wanamwitikia "keeesho!" kwa kukokota, eti Kiswahili cha kambini, eti huyu mama anasoma taarifa ya habari. Ilikuwa inamuuma. Amerudi nchini kwao na bado mdomo wake unamtangaza mgeni. Basi taratibu alijifunza kuchanganya kama wenyeji wanavyochanganya, na neno la kwanza kulitupa lilikuwa hilo hilo kesho. Akaanza kusema "ejo" kama Warundi wengine, na siku ya kwanza muuza nyanya alipomwelewa bila kucheka, alirudi nyumbani amechangamka. Neno moja tu, lakini lilimfanya ajisikie yuko kwao. Hata mlangoni pale, na haraka zote zile, alilisema kwa raha.

Akamfunga Kankindi vizuri kitenge cha begani, akambusu utosini, akatia kwenye mkoba chupa yake mwenyewe ya maji ya kuchemsha, kwa sababu hakuwa mtu wa kunywa kwa watu, na akaondoka.

Vestine alizikwa vizuri. Watu walikuwa wengi, nyimbo zilikuwa za kambini zilezile, na Agata alilia kilio cha watu wawili. Alilala kwenye mkeka na wanawake wengine, na asubuhi ya Ijumaa, jua likiwa limeshaanza kuuma, waombolezaji walikaa uani kunywa uji wakingoja pikapu. Hapo ndipo Karoli, kaka wa marehemu, mtu ambaye hakuwahi kutoka Burundi maisha yake yote, aliposimama kutoa matangazo.

"Murakoze cane kwa kuja," alisema. "Sasa, ile masufuria ya majirani. Ile masufuria ni ya kurudisha ejo."

Mama mmoja mtu mzima, naye alirudi toka Tanzania, akainua kijiko juu. "We Karoli! Ejo ipi? Iliyokwenda au inayokuja? Maana kama ni iliyokwenda mimi nimeshachelewa, nihesabuni mwizi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walikuwa wanahitaji kucheka, masikini, baada ya siku ile. Karoli mwenyewe alicheka. "Ejo inayokuja, mama! Ejo ni moja tu, ninyi mliotoka Tanzania ndio mnaikata vipande viwili."

"Kwa sababu jana si kesho! Mtu akiniambia amekufa ejo nimlilie au nimwahi?"

Wakacheka tena. Agata hakucheka. Bakuli la uji lilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umesimama hapohapo, nusu ya njia. Ya kuchemsha ejo. Yeye alisema hivyo, kwa mdomo wake. Alikuwa na maana ya maji ya kuchemshwa kesho, yaani leo Ijumaa, akirudi. Lakini ejo ya Kirundi ni kesho na ni jana pia, neno ni lile lile. Na Wakongomani wa pwani hii wakitaka maji yaliyochemka wanasemaje? Wanasema "maji ya kuchemsha". Na Sabine alimwona kwa macho yake, Jumatano jioni, amekaa mbele ya jiko, sufuria linafoka mvuke.

Maji ya kuchemsha ejo. Yaliyochemshwa jana.

Bakuli likamponyoka, uji ukamwagikia miguu ya watu. Hakusikia wanamwambia nini. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazunguka kichwani: ndoo ya bluu inatosha, ndoo ya bluu inatosha, nimewaachia ya kutosha. Akatoa simu mkobani. Simu ya Sabine haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Umeme nao ulikuwa unapotea mtaani kwao siku nzima, angechaji wapi?

"Pikapu liko wapi?" alimuuliza Karoli.

"Pikapu halina mafuta, mama Agata. Tulidhani tutapata, stesheni zote ni foleni tupu. Labda ejo."

Agata alimkazia macho mpaka Karoli akarudi nyuma hatua moja. "Usiniambie ejo," alisema. "Leo usiniambie hilo neno."

Kutoka Nyanza-Lac hadi Rumonge ni kilomita kama hamsini. Agata alitoka barabarani na kuanza kutembea, na khanga ya msiba kichwani, kama mwendawazimu. Alikwenda nusu saa. Ndipo alipofikiwa na mwenye baiskeli, kijana mwenye mapaja ya chuma aitwaye Tarsisi, aliyekuwa ameshusha mawese Nyanza-Lac na anarudi Rumonge bila mzigo. Akamsimamia.

"Mukecuru, unakwenda wapi na jua hili?"

"Rumonge. Mjukuu wangu anakufa."

Tarsisi hakuuliza swali la pili. Akapiga kofi kiti cha nyuma, Agata akapanda.

Ziwa lilikuwa kushoto kwao, limetulia, bluu isiyo na kosa. Michikichi ilikuwa kulia na milima nyuma yake imekauka nyasi. Ilikuwa siku nzuri kupita kiasi. Tarsisi alikuwa mtu mwema na watu wema mara nyingi wana domo. Alidhani akiongea atampunguzia mama hofu.

"Afadhali ni mu kiangazi, mama. Ingekuwa mvua, hapa mbele tungesukuma kwa mkono. Kiangazi ni kizuri bwana! Mimi ningekuwa rais, ningeamuru iwe Julai mwaka mzima."

Agata alifumba macho. Alitaka kumpiga ngumi mgongoni, na mgongo huo ndio uliokuwa unampeleka kwa Kankindi. Ndani ya macho yaliyofumbwa alikuwa anamwona mtoto anaomba maji, Sabine anakinga kikombe kwenye bido la njano, mtoto anapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Alijaribu kuifuta picha hiyo. Ikarudi na Lameki ndani yake. Akaanza kuhesabu: kama amekunywa jana mchana, basi usiku ndiyo imeanza, kama imeanza usiku, asubuhi macho yameshaingia ndani, saa hizi... Aliacha kuhesabu maana alijua hesabu hiyo inaishia wapi. Alishawahi kuifanya.

Katikati ya safari walipumzika. Tarsisi aliteremka ziwani, akajaza kichupa chake, akanywa kama ng'ombe, akamletea na Agata. "Kunywa, mama. Tamu, baridi."

Agata alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Mwanangu, usinywe hayo! Mnakufa nyinyi, mnakufa na mnacheka!"

"Mama, nimekunywa toka nizaliwe."

Alitoa chupa yake ya maji ya kuchemsha, nusu ilikuwa bado. Alikuwa na kiu, lakini alipofungua kifuniko akamkumbuka mtoto. Akaifunga, akairudisha mkobani.

"Twende, Tarsisi. Nakuomba. Twende."

Walifika Rumonge saa tisa mchana. Njiani mtaani watu waliwapungia mkono. "Amahoro, mwalimu! Leo jua limependeza!" Alishuka kabla baiskeli haijasimama, akaanguka kwa goti, akainuka, akasukuma lango.

Kitu cha kwanza alichokiona kilimkata maini. Ndagala za Sabine zilikuwa bado juu ya nyavu, hazijageuzwa, na kunguru watatu wanakula taratibu, hakuna wa kuwafukuza. Sabine hakuwahi kuacha ndagala zake hata kwa dakika. Sabine aliwahi kumfukuza kunguru kwa kiatu siku ya Pasaka akiwa na nguo ya kanisani. Uani palikuwa kimya. Mtoto asiyenyamaza alikuwa hasikiki.

"Kankindi!" aliita akizunguka nyumba.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kivuli kidogo cha ukuta, amelala ubavu juu ya mkeka. Midomo ilikuwa imepauka na kupasuka. Macho yalikuwa wazi nusu. Agata alimwangukia, akamshika mashavu, tumbo, miguu. Akafunua kitenge kutafuta alichokuwa anakiogopa. Kitenge kilikuwa kikavu. Safi. Akakinusa. Hakuna kitu.

"Umeharisha? Umetapika? Niambie Bibi!"

Mtoto alitikisa kichwa polepole.

"Ulikunywa maji ya njano?"

Akatikisa tena. Kisha akaongea, ulimi mzito, kila neno linabanduka kwenye kinywa kikavu. "Mbuzi wa jirani, wa kina Zainabu, alimwaga ya bluu. Jana. Sabine akasema ya njano ni nzuri, Bibi amechemsha. Mimi nikasema hapana. Akanipa chai, nikasema hapana. Akanywa yeye ili nione. Kikombe kizima. Halafu na leo asubuhi. Mimi sikunywa, Bibi." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Sitaki kwenda kwa mjomba Lameki."

Toka jana mchana mtoto huyu hakuwa ametia tone mdomoni, Julai, Rumonge, jua la kukausha ndagala kwa siku moja. Si kwa sababu maji hayakuwepo. Ni kwa sababu Agata alimtia hofu ikamkaa, na mtoto alikuwa tayari kukauka pale ukutani kuliko kuivunja sheria ya bibi yake. Agata aliona aibu iliyomchoma kuliko hofu ya njia nzima. Alilia akifungua chupa ya mkobani. Akamtilia maji kwenye kifuniko, kidogo kidogo, "kunywa mama, kunywa, hii ni ya bluu, naapa ni ya bluu," na Kankindi alikunywa, cha kwanza, cha pili, cha tano, kisha akashika chupa yenyewe kwa mikono miwili na hakutaka kuiachia. Agata akacheka ndani ya kilio. Mzima. Mtoto ni mzima.

Ndipo akasikia mlango wa choo.

Sabine alitoka amejishikiza ukutani. Kwanza Agata hakumtambua. Yule mwanamke wa mashavu na kicheko alikuwa amebaki mifupa ya uso, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Alijaribu kutabasamu.

"Mama, umerudi," alisema. Sauti ilikuwa imekauka, mkwaruzo mtupu, na Agata aliijua sauti hiyo. Alishaisikia kambini, usiku, hema kwa hema. "Mutoto amekataa kunywa. Nimejaribu, Mama. Nimekunywa mbele yake, asiogope. Uliniambia ya kuchemsha ejo. Nami nilikuona na macho yangu ukichemsha."

"Uliniona," Agata alisema. "Ni kweli uliniona."

"Basi ni ndagala, labda. Nilikula ndagala mbaya."

Agata alifungua mdomo kumwambia. Magoti ya Sabine yalikuwa yanakwisha, akamwahi kabla hajaanguka, na uzito wake ulimtisha kuliko vyote, maana haukuwa uzito. Kama yule mwingine. Siku mbili, alikuwa amejiambia miaka yote hii. Siku mbili, na jua. Miaka thelathini na ushee alikuwa amelichukia jua la watu, akaligombeza kila Juni kama mke mwenza, na leo jua halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa limekaa tu huko juu likikausha ndagala. Ambacho kingemwua Sabine, kama Sabine angekufa, ni neno moja alilolitia mdomoni ili muuza nyanya asimcheke.

"Tarsisi!" alipiga kelele. "Tarsisi, usiende!"

Tarsisi alikuwa bado langoni, amekaa kivulini anajipepea kofia. Alimwangalia Sabine mara moja, akaelewa, akatupa kofia. Walimweka kwenye kiti cha nyuma, wakamfunga kiunoni kwa khanga ya msiba asidondoke. Agata alimfunga Kankindi mgongoni, chupa bado iko mikononi mwa mtoto, kisha akasukuma baiskeli kwa nyuma huku Tarsisi akiivuta kwa usukani. Walishika njia ya mahema meupe. Jua lilikuwa bado kali, mtaa mkavu, hakuna tope hata kidogo la kuwachelewesha.

"Mwalimu, hali ya hewa safi leo!" mtu alisema barazani, kisha akaona nani yuko kwenye baiskeli, akasimama wima.

Kichwa cha Sabine kilikuwa kinaangukia begani kwa Agata kila wanapopita shimo. Kwenye kona ya soko alifumbua macho.

"Mama. Ndagala yangu iko nje. Kunguru watamaliza. Ejo nitarudi kuanua, eh?"

"Kesho," Agata alisema.

"Ndiyo. Ejo."

"Siyo ejo, mwanangu. Kesho. Sema kesho."

Watu wa sokoni walikuwa wanasikia. Mmoja alianza kwa mazoea, "Keee..." halafu hakumaliza.

"Si iko neno moja?" Sabine alinong'ona.

"Hapana. Siyo moja. Sema, Sabine. Utarudi lini?"

Midomo ya Sabine ilisogea, Agata akainama karibu asikie, lakini baiskeli ilirukia jiwe na hakupata kujua alichosema. Akamuuliza tena. Akamuuliza tena walipofika penye mkorosho wa hospitali, kwa sauti ya darasani, ile ya kuwaamsha watoto wa nyuma: utarudi lini, Sabine, lini? Na mgongoni, Kankindi, aliyekuwa amepata sauti kidogo, akawa anamjibia.

"Kesho, Bibi," alisema. "Amesema kesho."